Mikono ya Mwenye Upanga

Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema umwandikie hata mstari mmoja kabla hajasahau mwandiko wako. Mdogo wangu naye hajambo, ila tangu Jumamosi anaingia nyumbani kwa kupitia dirishani, na sababu ni kochi.

Mama amenunua kochi. Mlango hakuupima kwa futi, aliupima kwa macho. Wabebaji walilisukuma mpaka nusu likawa ndani na nusu nje, wakafuta jasho, wakasema mzigo umeshafika nyumbani na kazi yao imekwisha. Nilidhani Mama atalia. Wapi! Ameshaanza kuikalia ile nusu ya nje, anasalimia wapita njia kama mheshimiwa.

Hayo ni ya nyumbani. Sasa la kwangu. Unaikumbuka ile picha katika ukumbi wa baraza la mji, ile ndefu kuliko basi? Watu wanaiita Hukumu ya Waasi. Jengo linafunguliwa upya mwezi wa nane kuwa tawi la makumbusho yetu, na mimi ndiye niliyepewa kuisafisha. Madiwani wamevuta sigara chini yake miaka zaidi ya arobaini, mpaka Mtawala mwenyewe amekuwa rangi ya chai.

Kazi yenyewe ukiiona utacheka. Nazungusha pamba kwenye kijiti, naiweka mdomoni ilowe, nasugua kipande kisichozidi ukucha, natupa, naanza tena. Ndiyo, mate. Dawa nyingine ni kali kwa rangi ya zamani, mate ni ya upole. Kwa hiyo mpwa wako amesoma miaka yote ile ili alipwe kwa kuitemea serikali mate.

Nimeanza na mbingu, kona ya juu. Chini ya mbingu yuko Mtawala, kitini, chini ya mwavuli. Chini yake waasi wamepiga magoti. Na katikati, unamjua, yuko Mwenye Upanga. Ajabu ni kwamba hakuna hapa mjini anayelikumbuka jina la Mtawala, ingawa barabara kubwa ni yake, lakini kila mtoto anamjua Mwenye Upanga. Mimi nilipokuwa nikikataa kulala, mama wa jirani alikuwa ananitishia kwamba atamwita aje kunichukua. Wa jirani, si Mama. Mama hakuwahi kumtaja.

Mkurugenzi wetu anataka pia niandike kibao cha maelezo kitakachowekwa pembeni. Diwani mmoja anasema picha hii inafundisha utii, mwingine anasema inafundisha ukatili, na mimi nimeambiwa niandike maneno ambayo wote wawili watayakubali. Maana yake nisiseme kitu. Ndiyo maana nakuuliza wewe: picha ilipochorwa ulikuwa kijana hapa mjini. Ulimfahamu mchoraji? Watu walisemaje siku ilipotundikwa? Nimetafuta wazee wa kuwauliza, lakini mji umejaa wageni, na wenyeji wa wakati ule wengi wametangulia.

Usichelewe kujibu. Ningekupigia, ila wewe na simu ni paka na panya.

Mimi mpwa wako, mtema mate kwa mshahara.


Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu, mama,

Marahaba sana. Goti halijambo, mimi ndiye ninalisumbua. Simu nitaendelea kuikataa kwa sababu inataka jibu kabla mtu hajafikiri. Barua ina adabu, inakaa mezani inakungoja.

Mwambie dada yangu kochi hutolewa miguu kwanza. Kila kitu kinachokataa kupita mlangoni kina miguu au kina kiburi, na kochi lina vyote viwili. Mwambie pia mstari wake ni huu: nakusalimu, dada, na huyo mtoto wa kiume usimzoeshe madirisha.

Mimi huku siku zinakwenda. Asubuhi naoka mikate miwili, mmoja wangu, mmoja wa mtengeneza saa wa ghorofa ya chini. Jioni tunacheza drafti. Yeye huchelewa kusogeza kete mpaka nasinzia, na nikisinzia anasogeza mbili. Mtu anayetengeneza saa za watu na yeye mwenyewe hajui wakati!

Kuhusu picha yako. Sikumbuki mengi. Nilikuwa na shughuli za mikate, si unajua, tanuri la baba lilikuwa mkabala na baraza lile na lilikuwa halitaki mchezo. Mchoraji nilimwona kwa macho tu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye njaa, anayekopa viti. Siku ya kuitundika watu walikuja, wakala, wakaenda zao.

Ila nakusifu kwa kuanza na mbingu. Mbingu ni kazi safi. Kama ningekuwa wewe ningeisafisha mbingu ikang'aa, nikafika kwenye mwavuli wa yule bwana, nikaweka pamba chini. Masizi nayo yana kazi yake. Na kwa kuwa umetaka la kuandika, mimi nimeona jambo moja tu katika picha za wakubwa: mkubwa hatazami kamwe kinachofanyika miguuni pake. Siku zote kuna ndege anayemwangalia huko juu. Andika hilo, madiwani wote wawili watasema ni ushairi.

Uliniuliza tena mwaka jana, na Mama yako naye huuliza kila mwaka, ni lini nitarudi kuwaona. Jibu langu ni lile lile. Unyevunyevu wa huko haunifai kifua. Njooni nyinyi.

Mjomba wako.


Tarehe 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumeitoa miguu ya kochi kama ulivyoagiza. Sasa tuna kochi lisilo na miguu lililokwama mlangoni, na miguu iko juu ya kabati inatutazama. Mama anasema wewe ushauri wako ni mzuri ukiwa mbali.

Sikuweka pamba chini. Nilipita mbingu, nikapita mwavuli, nikafika kwa Mtawala mwenyewe, nikamwacha mikono kwa sababu pete zake zimechorwa kwa dhahabu halisi na zinataka subira. Kisha nikashuka kwa waasi. Mjomba, tangu nilipokuwa mdogo nilidhani picha ile imejaa damu. Haina hata tone. Nyekundu yote ameimaliza kwenye zulia. Vazi la Mtawala jeupe kama limetoka kwa dobi, upanga hauna doa, na waasi wanaokwenda kufa wamekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Maiti mmoja pembeni, naapa, amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Watu wanauawa mchana kweupe na hakuna hata aliyechafuka. Nimekaa juu ya jukwaa langu nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nimeelewa kwa nini Mtawala aliipenda picha ya namna hii. Hata mimi ningetaka makosa yangu yachorwe hivyo.

Kisha nikafika kwa Mwenye Upanga. Yeye hakuwa na masizi tu. Alikuwa na mikwaruzo ya kucha, ubani wa kutafuna uliokauka shavuni, na matundu mawili machoni yaliyochomwa kwa penseli. Kwenye picha nzima ni yeye tu aliyeguswa. Vizazi vyote vya wanafunzi waliopelekwa pale na walimu wao walimmalizia yeye hasira zao. Nimemshughulikia wiki nzima. Nimetoa ubani, nimeziba matundu, nimefuta moshi kwenye paji, pua, masikio.

Sikio la kushoto limeinama mbele kidogo, kama la Mama. Kama la kwangu.

Ni wewe, Mjomba. Huna ndevu, na una nywele ambazo sikuwahi kuziona, lakini ni wewe, wala usinibishie, nimekutazama kwa karibu kuliko kinyozi. Niliupiga uso huo picha kwa simu nikamwonyesha Mama. Aliishika muda mrefu. Kisha akasema ana maziwa jikoni, akaondoka. Nilimfuata. Jikoni hapakuwa na maziwa.

Niambie.

Mpwa wako.


Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeenda posta mara nyingi mpaka karani ananiita shemeji. Najua hujafa. Mama alimpigia mtengeneza saa, akasema unakula vizuri, unamfunga drafti kila jioni, na ukitajiwa barua unaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Ningekuacha na ukimya wako, maana mkubwa akinyamaza ana lake. Lakini kuna jambo na siwezi kulificha. Mkurugenzi ameuona uso ulivyosafishwa, amefurahi kupita kiasi. Anasema watu watakuja kumwona Mwenye Upanga, si Mtawala, na hapo amesema kweli. Kwa hiyo anataka uso huo uchapishwe kwenye tiketi, kwenye vikombe, na kwenye bango la getini, refu kama nyumba. Kila kitu kinapelekwa kwa mchapaji mwishoni mwa Julai, pamoja na maneno yangu ya kibao.

Sijamwambia ni uso wa nani. Mama bado hasemi. Kochi bado liko mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuna anayelicheka.

Kama kuna neno la kusema, huu ndio wakati wake.

Mpwa wako.


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukuweka posta. Barua yako ya Machi imekaa mezani ikanitazama kila siku, na mimi nikaitazama, na hakuna aliyetaka kuanza. Lakini bango refu kama nyumba limenishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na mabega ya mtu anayekanda unga tangu utotoni. Mchoraji alikuwa akija kuota moto tanurini kwetu, maana chumba chake kilikuwa na baridi. Baraza lilikuwa limempa kazi kubwa na malipo madogo, hana wa kumlipa ili asimame mbele yake. Basi akatutumia sisi wa mtaani. Yule maiti uliyemcheka ni mwuza mkaa, alikuwa amelala kweli, tukaona aibu kumwamsha. Mimi akaniambia: simama unavyosimama ukitoa mkate. Nikasimama, miguu nimeitanua, nimeshika kile kibao chetu chenye mpini mrefu cha kutolea mikate. Huo ndio upanga wako. Mpaka leo mtu yeyote aliyewahi kuoka akiitazama picha ile vizuri ataona kwamba simkati mtu, naangalia kama mkate umeiva chini.

Tulicheka sana miezi ile. Siku ilipotundikwa tulicheka zaidi. Baba yangu alisimama ukumbini akawaambia watu, yule ni mwanangu. Wote walijua ni mchezo.

Kisha picha ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha historia cha shule. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Watoto waliopita dukani walianza kukimbia, kwanza kwa utani, halafu kwa kweli. Halafu mama zao. Sisemi walinichukia, hapana, walinisalimia vizuri sana, kwa umbali. Mwanamke mmoja, mteja wetu wa miaka, alipokea mkate mkononi mwangu, akafika nje, akaufuta kwa kitambaa. Nilimwona dirishani. Mkate wa moto, mama, anaufuta.

Kulikuwa na binti wa fundi viatu. Mambo yalikuwa yamefika mbali, bibi yako alikuwa ameshapeleka maneno na maneno yamepokelewa. Baba yake akaniita kwenye kiduka chake. Hakuwa mjinga wala mkali. Aliendelea kushona huku akisema nami. Akaniambia, "Kijana, najua ni picha. Lakini wajukuu zangu watasoma kitabu kile, na watamkuta baba yao amesimama na upanga. Nitawaambia nini?" Ningekuwa na jibu la kumpa ningekuwa huko leo.

Tanuri lilizimika lenyewe kwa kukosa wanunuzi. Baba akaniambia ni biashara tu, biashara hupanda na kushuka. Hakuwahi kusema zaidi, na mama yako alikatazwa kusema, nadhani amekatazika mpaka leo. Nikaondoka, nikafuga ndevu, nikawaambia watu ni unyevunyevu. Kifua changu ni kizima kuliko chako.

Kinachoniuma si kwamba walimchukia mkataji. Mtu mwenye upanga anachukiza, hata mimi ananichukiza. Kinachoniuma ni kwamba yule bwana wa kitini ndiye aliyetoa amri, na hakuna mtoto aliyewahi kumtia ubani usoni. Yeye barabara yake wanaifagia.

Sasa ombi langu, na sijawahi kukuomba kitu. Rangi unazo, brashi unazo, na kila siku uko peke yako na uso ule. Mpe ndevu. Mnyooshe sikio. Mfanye mtu mwingine, mtu yeyote asiye na ndugu. Nani atajua?

Mjomba wako.


Tarehe 2 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa Mama, kwa sauti, sebuleni. Alilia, na baada ya kulia alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Alikuwa akisubiri ruhusa yako miaka yote hii. Hasira alizokuwa nazo ungeziona! Amemtaja yule mwanamke wa mkate kwa jina, na jina la kitambaa pia nusura alitaje.

Ombi lako nimelibeba siku tatu. Siwezi. Ningeweza ningefanya, na nakuambia wazi kwamba siku moja nilichanganya rangi ya ndevu, nikashika brashi, nikakaa nayo mpaka rangi ikakauka. Kazi yangu ni kuondoa kilichoongezwa na watu, si kuongeza changu. Nikikupa ndevu leo, kesho mtu atampa Mtawala tabasamu. Unikasirikie, una haki. Nami nimeumia kukukatalia kuliko nilivyowahi kuumia kwa kazi hii.

Lakini sikiliza.

Jana nilirudi kwenye mikono ya Mtawala, ile niliyoiacha kwa ajili ya pete. Mkono wa kushoto umelala kwenye kiti, umetulia, mkono wa mtu ambaye hajawahi kubeba hata kikombe chake. Nikasugua polepole. Moshi ukatoka, na nyuma ya mkono, chini kidogo ya kidole gumba, pakatokea alama. Nilidhani ni uchafu. Nikaweka mate tena. Ikazidi kung'aa.

Mjomba, unakumbuka nilipokuwa mdogo, tulipokuwa tunakuja kwako likizo? Lile kovu lako la mlango wa tanuri, lililo kama punje ya haragwe? Nilikuwa nalibonyeza na wewe unalia mlio wa kengele, na mimi naanguka kwa kucheka, na Mama anasema basi jamani, watu wanataka kulala. Nilibonyeza kovu lile kuliko nilivyobonyeza kengele yoyote duniani. Silikosei.

Liko mkononi mwa Mtawala.

Nikashuka jukwaani mbiombio nusura nivunjike mguu. Nikamtazama Mwenye Upanga, mkono uleule. Lipo. Hilo nilishaliona nikalipita, ni wewe, kwa nini lisiwepo. Kisha nikaenda kwa yule mwasi wa mbele kabisa, anayekatwa, ambaye ametupa mgongo na amefungwa mikono nyuma. Lipo. Umejihukumu mwenyewe, umejifunga mwenyewe, na unakwenda kujikata mwenyewe, na katika barua nzima umenitajia mmoja tu.

Nimekaa chini nikawaza kwa nini uso wako ameuweka pale tu. Nadhani ni hivi. Mtawala alikuwa na picha zake za kila mahali, mchoraji akanakili. Waasi hakuna aliyewahi kuwachora, akawageuza mgongo. Na mtu mwenye upanga, hakuna aliyejua alifananaje wala hakuna aliyejali, kwa hiyo akaweka uso wa aliyekuwa mbele yake. Hakuwa na ubaya na wewe. Alikuwa na njaa na haraka. Lakini mikono aliichora kama alivyoiona, mahali pote.

Nataka kuandika hivyo kwenye kibao. Sitaandika bila idhini yako. Ukisema hapana, nitaandika maneno ya madiwani wawili na nitanyamaza, na nitamwambia mkurugenzi kwamba uso wa bango ni wa mjomba wangu na tuone kama atathubutu.

Kochi lipo lilipo.

Mpwa wako.


Tarehe 19 Julai

Mpwa wangu, mama,

Marahaba. Nimekasirika siku mbili, ya tatu nikachoka. Ungenipa ndevu ningekushukuru na nisingekuamini tena na kitu chochote.

Kweli, nilikaa kwenye kile kiti. Sikukwambia kwa sababu nilikipenda. Kilikuwa gunia la unga juu ya sanduku, limefunikwa shuka la mama yangu, na mwavuli ni wa mwuza mkaa. Lakini nilipokaa na kuambiwa tazama juu, usitazame chini, nilihisi raha moja ambayo sikuihisi tena. Goti halikuuma, tumbo halikulia njaa, na waliopiga magoti pale chini, jirani zangu wote, kweli nilikuwa siwaoni. Nilishuka nikaona haya. Kushika upanga hakukunitia haya hata kidogo, mikono ilikuwa kwenye mkate. Haya ilikuwa ya kiti. Na watu wakanipa hukumu ya upanga, nikaona basi, nitaibeba hiyo, ya kiti hakuna anayeijua.

Sasa unaijua. Andika. Jina langu usiweke, mwite mwoka mikate wa mtaa wa mkabala, inatosha. Ila sharti moja: sema alishika kibao cha kutolea mikate. Sitaki mwoka mikate yeyote apite pale adhani nilisimama vibaya.

Kuja sitakuja. Kifua.

Mjomba wako.


Tarehe 25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Tumefungua. Diwani wa utii na diwani wa ukatili walikaa kiti kwa kiti, wakasoma kibao changu, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana: wote wawili hawakukipenda. Mkurugenzi naye alinuna siku moja, kisha akaona mwenyewe. Kwenye bango la getini hakuna uso. Kuna mikono mitatu, uliopumzika, ulioshika, na uliofungwa, na chini yake swali: ni ya nani?

Ungewaona watoto. Zamani waliingia wanakwenda moja kwa moja kwa Mwenye Upanga kumtia ubani. Sasa wanaanzia juu kabisa, kwa Mtawala, wanatafuta haragwe mkononi mwake. Wanamtazama kuliko alivyowahi kutazamwa. Mwalimu mmoja alijaribu kuwapitisha haraka, wakakataa.

Alikuja pia mama mmoja mtu mzima, peke yake, viatu vizuri sana vya ngozi. Alisoma kibao, akarudia. Akaniuliza kama huyo mwoka mikate yu hai. Nikasema ndiyo. Akasema, "Aliondoka bila kuaga," akafunga mkoba wake, akatoka.

Fundi seremala amekuja leo. Ameacha kochi, amebomoa mlango. Limeingia. Mama anasema ni refu mno kwa watu watatu.

Mpwa wako.


Tarehe 14 Septemba

Mpwa wangu,

Barua hii haina stempu. Utaikuta juu ya meza hapo nyumbani ukitoka kazini, na mimi utanikuta kwenye kochi, pengine nimelala. Ningeweza kungoja nikwambie kwa mdomo, ila kwa mdomo nitafanya mzaha, najijua.

Nilifika asubuhi. Nilinyoa ndevu juzi, na mtengeneza saa hakunitambua mpaka nilipomfunga drafti. Sikuja nyumbani kwanza. Nilikwenda barazani, nikapanga foleni, nikakata tiketi kama mtu mwingine. Wewe ulikuwa chumba cha nyuma, nilisikia sauti yako ukimgombeza mtu kwa kuegemea ukuta. Nilipita polepole.

Ni mkubwa, yule kijana. Nilikuwa nimesahau alivyo mkubwa na alivyo mdogo. Umemsafisha vizuri. Nilisimama mbele yake, na watu walikuwepo, darasa zima la watoto na wazazi kadhaa, na nikasikia miguu inataka kwenda. Miaka yote hii miguu haijasahau.

Msichana mmoja mdogo aligeuka akanitazama usoni. Akatazama picha. Akanitazama tena. Nikamwona anafungua mdomo, na nikajua kinachokuja, nimekisikia mara nyingi. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akalitafuta kovu, akaliona. Kisha akaweka kidole chake juu yake, akabonyeza.

Basi ningefanya nini? Nilitoa ule mlio wa kengele. Kwa nguvu, mama, ukumbi mzima ukageuka. Darasa zima likanijia, wote wanataka kubonyeza, wanasukumana, mwalimu anasema mmoja mmoja. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna hata mmoja aliyekimbia.

Dada yangu alipofungua mlango huu mpya alinishika sikio. Sasa yuko jikoni, na safari hii maziwa yapo. Hakuna unga. Ukiisoma hii usivue viatu, rudi dukani ulete mfuko mkubwa, maana kesho asubuhi nataka kuoka, na nimeahidi darasa zima.

Mjomba wako.